Kike na Kiume katika Kiswahili cha Nyumba na Ibada: Mfano wa Shauri Moyo, Nairobi

Imezoeleka kusemwa, darasani na katika vitabu vya sarufi, kwamba Kiswahili ni lugha isiyojua jinsia. Kauli hiyo ina ukweli wake. Kiambishi a- cha nafsi ya tatu humchukua mume na mke bila kuwapambanua, na mgawanyo wa nomino katika ngeli haukufuata uume na uke bali mambo mengine kabisa, kama vile uhai, umbo, ukubwa na wingi. Mwanafunzi aliyezoea Kifaransa au Kiarabu, ambamo hata meza na jua havikosi jinsia, hujiona ametuliwa mzigo. Lakini kutoka katika ukweli huo mdogo wengi huruka mara moja hadi kwenye hukumu kubwa, kwamba basi fikira za msemaji wa Kiswahili nazo hazimpambanui mume na mke. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upambanuzi upo, ila umekaa mahali pasipotazamwa sana na wanasarufi: katika vitenzi vya ndoa, katika vyeo vya nyumba na vya ibada, na katika kiambishi ki- cha namna. Mtaa wa Shauri Moyo, upande wa mashariki wa Nairobi, umechaguliwa kuwa mfano kwa sababu historia yake na ya majirani zake iliwaweka wanawake wengi katika nafasi ambayo desturi ya lugha ilikuwa imemwekea mwanamume.

Yafaa kwanza kuitendea haki ile kauli iliyozoeleka. Paulo alipowaandikia waumini kwa Kigiriki aliwaita kwa neno la kiume, adelphoi. Baadhi ya watafsiri wa Kiingereza wa miaka ya karibuni wameona lazima waongeze dada pale walipotangulia wao kutaja kaka tu, ili wanawake wasijione wameachwa mlangoni. Mtafsiri wa Kiswahili aliandika ndugu, na kazi ikaisha. Vivyo hivyo mwana na wana, maneno ambayo kwa asili yake hayasemi kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Roho kwa Kigiriki si nomino ya kiume wala ya kike, na kwa Kiebrania aghalabu ni ya kike. Kwa Kiswahili nomino hiyo imo katika ngeli ya N, lakini inapokuwa Roho Mtakatifu huchukua upatanisho wa viumbe hai, akashuka na si ikashuka, na hapo hakuna anayeulizwa kama ni mume au mke. Mabishano makali ya Ulaya na Marekani kuhusu kiwakilishi kimfaacho Mungu hayana pa kushika katika Kiswahili. Hata hivyo sala huanza kwa Baba, na Baba si kiwakilishi. Ni cheo. Hapo ndipo pa kutazama.

Kabla ya vyeo kuna jambo la mofolojia. Mizizi -ume na -ke haikukaa katika watu tu. Mkono wa kulia huitwa pia wa kuume, na wa kushoto huitwa wa kike. Jamaa za baba ni wa kuumeni, jamaa za mama ni wa kukeni. Mizizi hiyo inapovikwa kiambishi ki- hupata maana ya namna, kama ilivyo katika kitoto, kizungu na kizee. Mtu huambiwa ajikaze kiume, msichana huambiwa akae kike. Mwanamke naye anaweza kuambiwa ajikaze kiume, na akasifiwa akifanya hivyo. Au ataitwa jikedume, neno ambalo ni sifa au tusi kwa kadiri ya anayelitamka. Hii ina maana kwamba lugha inawaza ukike na ukiume kuwa kitu kitendwacho, kinachoweza kutendwa vizuri, vibaya au na mtu asiyetazamiwa. Hata neno jinsia, ambalo leo limekuwa istilahi ya mikutano na sheria, ni jamaa ya karibu ya jinsi, ambalo kwa mtu wa kawaida maana yake ni namna: jinsi ya kupika, jinsi alivyokuja. Waliobuni istilahi huenda hawakulikusudia hilo, lakini neno limeshuhudia zaidi yao.

Kuoa, kuolewa, kuoza

Kitenzi cha ndoa ndicho shahidi mkuu. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, baba au walii wake humwoza. Tendo ni moja, kauli ni tatu: ya kutenda, ya kutendwa na ya kutendesha, na kila kauli imekabidhiwa mtu wake. Kisarufi hakuna kinachozuia mwanamke kuwa kiima cha kuoa. Sentensi itakuwa sahihi kwa kila kipimo cha upatanisho. Lakini masikio yatakataa. Kwa upande wa pili, mwanamume anayekaa katika nyumba ya mwanamke na kula chake husemwa kwamba ameolewa, na kila msikiaji wa Nairobi hulielewa hilo papo hapo kuwa ni kejeli. Kejeli hiyo haihusu mwili wake. Inahusu nyumba ni ya nani.

Na katika sehemu hii ya Nairobi nyumba ilikuwa ya nani? Pangani, kijiji cha Waafrika kilichoanza kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kilikuwa na wenye nyumba wengi wanawake, na Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilikuwa vivyo hivyo. Janet Bujra, katika makala yake ya mwaka 1975 kuhusu wanawake wenye biashara wa Nairobi ya awali, na Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990, The Comforts of Home, wameeleza jinsi wanawake hao walivyojenga: kwa fedha za pombe, za kupangisha vyumba, na za umalaya. Neno hili la mwisho linahitaji kutazamwa bila haya. White ameonyesha kwamba katika mazungumzo ya wazee aliowahoji malaya lilitaja namna maalumu ya kazi, ya mwanamke akaaye chumbani mwake na kumpa mgeni chakula, maji ya kuoga na mahali pa kulala, tofauti na watembezi waliotafuta wateja barabarani. Kwa maneno mengine, aliuza kazi zote za mke, moja moja, kwa bei. Nomino yenyewe haina alama yoyote ya kike. Imepewa mwanamke na matumizi, kama vile mwenyewe ilivyopewa mwanamume.

Na mwenyewe ni neno lenye uzito katika nyumba ya Waswahili. Mgeni akibisha na kuuliza, "Mwenyewe yupo?" anamtaka mume. Mke husema "mwenyewe hajarudi" bila kutaja jina. Mwenye nyumba wa Pangani aliyekuwa mwanamke aliketi basi katika neno lililokuwa tupu kisarufi lakini limejaa kidesturi, naye akalikalia bila lugha kubadilika hata herufi. Mpangaji wa kiume alimlipa kodi, akamwamkia kwa heshima, akamwita mama. Kifaransa kingelazimika kuchagua kati ya propriétaire wa kiume na wa kike kwa kibainishi chake. Kiswahili kilinyamaza tu, na kunyamaza huko kulimfaa. (Ikumbukwe pia kwamba mzizi huo huo wa mwenye ndio uliomo katika Mwenyezi, nayo ni nasaba ambayo hakuna mwenye nyumba wa Eastlands, wa kike au wa kiume, aliyewahi kuisahau siku ya kodi.)

Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na Shauri Moyo ikajengwa na serikali ya mji kuwapokea waliohamishwa. Jina la mtaa ni shauri la moyo, kiunganishi kikiwa kimedondoka, na husimuliwa kwamba latokana na uchaguzi waliopewa wenyeji wa Pangani juu ya pa kwenda. Uchaguzi huo haukuwa na mapana sana. Mwenye nyumba aliyepelekwa Shauri Moyo alipewa haki ya kukaa katika uhai wake. Hakupewa milki ya kumwachia mrithi. Mwanamke aliyekuwa mwenyewe akawa mpangaji wa muda mrefu, na yule aliyemtayarisha kushika nafasi yake akabaki bila nafasi.

Mrithi ni nani

Neno mrithi nalo halina jinsia, lakini urithi unayo. Wengi wa wanawake hao walikuwa wametoka makwao Kikuyu, Unandi, Ukambani na kwingineko, baadhi yao kwa kukosa watoto au kwa ndoa kuvunjika, na hawakutaka nyumba walizozijenga zirudi kwa ndugu wa kiume waliowatoroka. Njia mbili zilikuwepo, na kila moja ina msamiati wake.

Ya kwanza ni ya kimila. Miongoni mwa Wakikuyu, Wakamba na Wanandi, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari na kumwoa mwanamke mwingine, ili watoto watakaozaliwa na huyo wawe wa nyumba yake. Hapa ndipo ile sentensi iliyokataliwa na masikio, mwanamke kaoa, inapokuwa taarifa ya kawaida. Regine Smith Oboler, katika makala yake ya mwaka 1980 juu ya Wanandi, aliuliza kama mume huyo wa kike ni mwanamume. Wenyeji walimjibu kwamba ndivyo; naye akaona kwamba dai hilo lilishikiliwa kwa nguvu hasa penye mali na mrithi, na kulegea katika mambo mengine ya kila siku. Kiswahili hupata taabu kumpa mtu huyu jina. Mume mwanamke hugongana, kwa sababu mume ni cheo na ni mwili kwa neno moja, na vivyo mke. Lugha nyingine za Kibantu hazikufungwa hivyo. Mzulu humwita mjomba wake umalume, yaani mama wa kiume, na shangazi yake ubabekazi, baba wa kike, wala hakuna anayecheka. Huko cheo na mwili vimetengana ndani ya neno lenyewe. Ifi Amadiume aliyaeleza mambo ya namna hiyo kwa Waigbo wa Nnobi katika kitabu chake cha mwaka 1987, na kwa hiyo si jambo la Afrika Mashariki peke yake.

Njia ya pili ni ya Uislamu, nayo ndiyo iliyofuatwa na wengi katika Pangani, Pumwani na baadaye Shauri Moyo. Mara nyingi kusilimu huko kumeelezwa kana kwamba ni kuiga mavazi na adabu za pwani. Maelezo hayo ni mepesi mno. Sheria ya Kiislamu humtambua mwanamke kuwa mwenye mali yake, aolewe asiolewe, na mume hana haki juu ya mali hiyo. Kwa mwanamke aliyekatwa na ukoo wake, dini ilimpa pia jambo ambalo fedha haikuweza kulinunua, yaani mazishi. Kumzika Muislamu ni faradhi kifaya: wakitekeleza baadhi, wengine wamesamehewa, wasipotekeleza wote, wote wana dhambi. Mwanamke asiye na kaka wala mwana wa kumbeba jeneza alipata safu ya wanaume wasio wa damu yake ambao walilazimika kulibeba, na wanawake wenziwe wa kumwosha na kumvika sanda.

Lakini sheria hiyo hiyo ilimfungia mlango mwingine. Sura ya An-Nisaa humpa mtoto wa kiume fungu la wawili wa kike, na mtoto wa kulea, yule mwana wa kupanga, hana fungu kabisa. Mwenye nyumba aliyemlea binti wa mtu na kumfundisha kazi na sala asingeweza kumfanya mrithi kwa kutamka tu. Aliweza kumpa hiba akiwa hai, au kumwachia wasia usiozidi theluthi moja ya mali. Basi anapotokea katika maelezo ya watafiti kijana wa kike aliyeteuliwa kuwa mrithi na bibi asiyemzaa, mwanaisimu hana budi kuuliza neno hilo limetumika katika maana ipi, ya kimila au ya kifikihi. Maana mtu mmoja anaweza kuwa mrithi katika kinywa cha bibi na asiwe mrithi mbele ya kadhi. Mtu hupoteza nyumba kwa tofauti hiyo.

Suala hilo halijafungwa. Mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa ilikubali kwamba mwanamke aliyeolewa na mwanamke kwa mila ya Kinandi, pamoja na watoto wake, wana haki katika mirathi ya mume huyo wa kike. Miaka mitatu baadaye Sheria ya Ndoa ya 2014 ikaieleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, ikizihesabu ndoa za kimila miongoni mwa ndoa zinazotambuliwa. Katiba ya mwaka 2010, inayotangaza usawa wa wanawake na wanaume, nayo imeacha nafasi kwa sheria ya Kiislamu katika mahakama za kadhi, kwa wenye kuikiri dini hiyo, kwa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Majengo hayo matatu ya kisheria yanatumia maneno mume, mke na mrithi kana kwamba ni maneno yale yale.

Fikihi yenyewe ilijua zamani kwamba si kila mtu huingia katika mafungu mawili. Huntha, aliyezaliwa na maumbile yasiyomwonyesha wazi kuwa wa kiume au wa kike, ana mlango wake katika vitabu vya mirathi. Kwa madhehebu ya Shafi, yafuatwayo pwani na na Waislamu wengi wa Nairobi, hupewa fungu lile lenye yakini, yaani lililo dogo, na kilichobaki husimamishwa mpaka hali yake ibainike. Katika safu za sala wanazuoni humpanga nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake. Mtu anaweza kuubishia mpango huo, lakini hauwezi kusemwa kwamba hawakumwona. Dola ilichelewa zaidi: sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ndiyo ya kwanza nchini kuwahesabu watu hao, ikapata 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikawataja watoto wa namna hiyo. Magazeti huandika mara huntha, mara mwenye jinsia mbili, na msemo huo wa pili unapotosha, kwa kuwa unampa mtu mbili pale ambapo tatizo lake ni kwamba watu wamemnyima hata moja. Katika sentensi zake za kila siku Kiswahili hakimsumbui. Yeye ni yeye. Anasumbuliwa penye cheo, anapotakiwa kuwa kaka au dada, mjomba au shangazi.

Si maneno yote yaliyobaki mahali pake. Shoga kwa muda mrefu lilikuwa neno la wanawake, la kuitana marafiki. Leo katika miji ya Kenya limehamia kwa mwanamume anayependa wanaume wenziwe, na wanawake wengi wa Nairobi hawathubutu tena kuitana hivyo. Neno lilikuwa la urafiki likageuka kuwa la kushtakia. Sheng, iliyokulia katika mitaa hii hii ya Eastlands, ina mathe na buda kwa wazazi, na imerithi upatanisho wa Kiswahili usiobagua pamoja na vyeo vinavyobagua.

Bwana, Baba Askofu, Mama Askofu

Katika ibada ya Kikristo cheo kinachotamkwa zaidi ya vyote ni Bwana. Neno hilo ni la mwajiri, la mume na la Mungu, na mwanamke wa Shauri Moyo anayesimama kanisani kutoa ushuhuda anaweza kuwahitaji wote watatu katika maelezo mamoja. Huwatenganisha kwa kimilikishi. Katika usemi wa Nairobi mume ni bwana yangu, kwa upatanisho wa maneno ya ukoo kama baba yangu na rafiki yangu. Mungu ni Bwana wangu. Konsonanti moja, y au w, ndiyo inayomweka mume nyumbani na Mungu mbinguni, na mtu asiyesikiliza kwa makini atadhani wamechanganywa. Hata hivyo neno limebaki moja, na mahubiri ya utii wa mke hupata humo nguvu ambayo mhubiri hahitaji kuieleza.

Vyeo vya makasisi vingedhaniwa kuwa vyepesi zaidi. Kasisi, mchungaji, mwinjilisti na askofu ni nomino za ngeli ya watu zisizo na alama ya jinsia. Kanisa la Anglikana nchini lilipomweka mwanamke wa kwanza katika ukasisi mwaka 1983, katika Dayosisi ya Maseno Kusini, hakukuhitajika neno jipya. Mwaka 2021 Emily Onyango alipowekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Bondo, na baadaye mwaka huo Rose Okeno kuwa askofu wa Butere, neno lilikuwa tayari linawasubiri. Lakini waumini wa Kenya hawamwiti askofu Askofu tu. Humwita Baba Askofu. Na Mama Askofu, kama vile Mama Mchungaji na Mama Kasisi, ni cheo kilichokwisha kugawiwa: ni mke wake, mwenye shughuli zake zinazojulikana katika ushirika wa akina mama. Muumini amwitaye askofu wa kike Mama Askofu amempa basi, kwa heshima zote, cheo cha mke wa askofu. Wapo wanaosema Askofu pekee, na kwa sikio la Kikenya hilo lina ukavu kidogo, kama barua isiyo na salamu. Ama mume wa askofu huyo, kwake lugha bado haina neno. Baba Askofu hawezi kuitwa, kwa kuwa cheo hicho ni cha askofu mwenyewe.